Zima Biti

Kila kinanda kinachouzwa Mwanza kina kitufe kimoja ambacho, ningepewa mamlaka, ningekipiga marufuku kwa miaka mitano. Ukikibonyeza, ngoma zinaanza kulia zenyewe, besi inafuata, gitaa linaingia, na kazi yako inabaki kushikilia vibao vitatu kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukitembeza sauti ya wimbo. Tunaiita biti. Iko kwenye harusi za Nyamanoro, iko kwenye ibada za Igoma, iko kwenye hoteli zinazotazama ziwa. Watu wameizoea kiasi kwamba ukiizima katikati ya wimbo wanainua vichwa kuangalia kama umeme umekatika.

Nasema haya nikiwa mpigaji. Siku za wiki nasoma shahada ya uzamili. Ijumaa na Jumamosi napiga kinanda hotelini, kuanzia saa moja usiku hadi saa nne, watu wakila sato na kuzungumza. Ni ile piano inayoitwa ya kokteli: nyimbo zinazojulikana, zinazopigwa kwa upole, zikiwa na kodi za jazz (sisemi kodi ile ya TRA), bila mwimbaji, bila mtu aliyelipa kiingilio kukusikiliza. Na ninachodai ni hiki. Muziki huu, ambao wajuzi wanaudharau na wenye hoteli wanauona kama pambo la ukutani, ndio shule bora ya kupiga piano kwa hisia. Hisia hizo zinafundishika. Na sisi wenyewe, wapigaji, walimu wa kwaya na mameneja, tunaifunga shule hiyo kwa kidole kimoja.

Tuanze na pesa, kwa sababu watu huamini muziki ni roho mpaka ifike siku ya malipo. Zamani hoteli iliyotaka muziki iliita bendi: watu saba, nane, na vyombo vyao. Kinanda chenye biti kikampa mtu mmoja uwezo wa kufanya kazi ya watu wanane, na mwenye hoteli akashangilia. Kilichofuata kingeweza kubashiriwa na mtoto wa darasa la saba. Kama mtu mmoja na mashine wanatosha, kwa nini mashine isitoshe peke yake? Ikaja flashi. Flashi haili chakula cha jioni, haidai nauli ya bodaboda, haichelewi kwa sababu ya mvua.

Hoteli moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja, ilimwachisha kazi mpigaji ninayemfahamu, na meneja akampa sababu kwa sentensi moja: "Kijana, unachopiga wewe na kinachopigwa na flashi, mimi sisikii tofauti." Tuliposimuliwa tulikasirika sana. Tulisema meneja hana masikio, hana utu, hajui sanaa. Lakini hakuna aliyejibu swali lenyewe: tofauti ilikuwa wapi? Ngoma zilikuwa za mashine. Besi ilikuwa ya mashine. Sauti ya wimbo ilitoka kwa nguvu ileile kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, maana kinanda kilikuwa kimewekwa hivyo. Meneja alikuwa mkatili, lakini hakuwa mwongo. Ukijifundisha kupiga kama mashine, usishangae ukishindwa na mashine ya bei nafuu zaidi.

Hapo ndipo mtu husema: hisia ni kipaji, Mungu humpa amtakaye. Nimelisikia neno hili tangu nikiwa mdogo kwenye kwaya ya parokia, na nimefikia hatua ya kulichukia. "Kipaji" ndilo neno tunalotumia kumfukuza mtu darasani bila kumfukuza. Halisemi mwanafunzi afanye nini kesho asubuhi. Mvuvi wa Kirumba hasemi kutega nyavu ni kipaji. Anasema mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo usiku huo usijisumbue. Hayo ni maarifa. Hisia kwenye piano nazo ni maarifa, na yanahesabika: nguvu ya kidole, urefu wa noti, mahali noti inapoangukia ukilinganisha na pigo, na ukimya. Vitu vinne. Biti inakunyang'anya vitatu kwa mpigo mmoja. Nguvu, kwa sababu ngoma za mashine hazishuki ukishuka. Wakati, kwa sababu hazikusubiri. Ukimya, kwa sababu hata ukinyamaza wewe zenyewe haziachi kupiga.

Lichukue jina lenyewe la chombo. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, alipounda piano za kwanza karibu na mwaka 1700, watu walikuwa tayari na vinanda vizuri vyenye nyuzi. Vingi vilikuwa na kasoro moja: ukibonyeza kibao kwa nguvu au kwa upole, sauti ilikuwa ileile. Chombo chake kipya kikaitwa kwa Kiitaliano kinanda chenye "piano e forte", yaani chenye sauti ya chini na sauti ya juu, na baadaye watu wakafupisha jina wakabaki na nusu ya kwanza. Kwa hiyo "piano" maana yake ni sauti ya chini. Chombo kilipewa jina la kile ambacho vijana wengi wa hapa hawajawahi kukifanya nacho.

Najua jibu: hatuna piano, tuna vinanda. Ni kweli. Piano halisi yenye vibao 88 ni nadra katika jiji hili, na kinanda cha kawaida kina vibao 61 vya plastiki visivyo na uzito. Lakini vinanda vingi, hata vya mtumba, vina mpangilio wa kuhisi nguvu ya kidole, na nimekuta vinanda vya makanisa matatu ambavyo mpangilio huo umezimwa kwa makusudi ili "sauti itoke sawasawa". Washa. Kisha chukua noti moja tu, do ya katikati, uipige mara kumi kutoka chini kabisa hadi juu, kila moja ikizidi iliyotangulia kidogo. Wengi hufika hatua ya nne wakawa wamemaliza nafasi yote. Hilo ni zoezi la wiki mbili, halihitaji kipaji, na hakuna mwalimu aliyewahi kunipa. Nililikuta kwa kusikiliza wapiga piano na kujiuliza wananifanyia nini.

Anayesema chombo cha umeme hakiwezi kusema chochote, nampeleka kwa Herbie Hancock. Mwaka 1971 ilitoka sahani yake iitwayo "Mwandishi", na ndiyo, ni neno letu. Yeye na wenzake walikuwa wamejipa majina ya Kiswahili: Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart ni Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson ni Mganga. Chombo anachopiga Hancock kwenye sahani ile ni piano ya umeme. Sikiliza jinsi anavyokigusa. Kuna mahali anaachia sauti ifie hewani kabla ya kugusa tena, na unajikuta nawe umeshika pumzi. Tatizo letu halikuwa umeme.

Na hapa nijibu lile jingine linalosemwa kwenye korido za vyuo, kwamba jazz ya piano si yetu, ni kuiga Wamarekani. Anayesema hivyo anaishi kando ya ziwa ambalo mwambao wake ulizaa Shirati Jazz. D.O. Misiani alizaliwa mwaka 1940 jirani na Shirati, mkoani Mara, akavuka kwenda Kenya na gitaa lake, na bendi iliyompa jina barani kote ikabeba jina la kwao pamoja na neno hilo jazz. Ongeza Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Najua muziki wao haukuwa ule wa Chicago. Ulikuwa dansi, ulikuwa benga. Lakini wazee wetu hawakuomba ruhusa ya kulitumia neno. Walilichukua likawa na maana ya muziki wa kisasa unaochezeka, wakaenda zao.

Upande wa pili wa bahari nako hawakungoja. Mwezi Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York kurekodi sahani iitwayo "Uhuru Afrika". Maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na sauti inayoyasema kwa Kiswahili ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Fikiria hilo: Kiswahili kilikuwa ndani ya jazz ya piano kabla bendera yetu haijapandishwa, na mwaka huu kijana wa Mwanza anaambiwa hiyo si yake. Ni yake. Kinachomkosesha ni kwamba anafundishwa kuiga sehemu isiyo na maana, yaani wingi wa noti, na kuacha sehemu yenye maana.

Sehemu yenye maana iko wapi? Iko hotelini. Narudia kwa sababu ndipo ninapopingwa zaidi. Rafiki zangu wanaopenda jazz wananiambia piano ya kokteli ni jazz iliyokatwa meno. Hoja hiyo ni ya zamani, na ilishajibiwa. Januari 1958, Ahmad Jamal na wenzake wawili walirekodi sahani katika ukumbi wa hoteli ya Pershing, Chicago, mahali walipokuwa wakipiga kila usiku watu wakinywa na kuongea. Ukisikiliza unazisikia sauti za wateja. Baadhi ya wahakiki walimwita mpiga kokteli, wakimaanisha tusi. Sahani ile ilikaa kwenye orodha za mauzo za Marekani zaidi ya wiki mia moja, na Miles Davis aliwaambia watu waziwazi kwamba alikuwa anajifunza kwa Jamal: jinsi anavyoacha nafasi, jinsi anavyotaja wimbo nusu na kukuachia wewe uumalizie. Ufundi ule ulizaliwa kwa wateja wanaozungumza. Mtu anayepigia watu wanaoongea hujifunza kwamba kushindana nao kwa sauti ni kupoteza. Anachoweza kufanya ni kunyamaza mahali ambapo hawakutarajia.

Wasukuma wanalijua hili bila kusoma mhakiki yeyote. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamehamia kwake. Mchezaji hatazami vitabu. Anatazama miguu ya watazamaji. Ukumbi wa hoteli ni uwanja huohuo, ila watu wamekaa. Ninapopiga natazama meza. Nikishuka chini kabisa kwenye ubeti wa pili, kuna meza itapunguza sauti ya mazungumzo bila wao kujua kwa nini. Nikiona hilo nimeshinda, na nitakaa hapo muda kidogo. Biti haioni meza.

Sasa nije kwenye kitufe cha pili, ndugu wa kile cha kwanza: transipozi. Wapigaji wengi hupiga kila wimbo kwenye do moja, vibao vyeupe vitupu, na kwaya ikitaka kupanda au kushuka wanabonyeza kitufe, mashine inahamisha. Sikatai, kinaokoa siku pale kasisi anapoanzisha wimbo kwa sauti yake mwenyewe bila kumuuliza mtu. Lakini ubaya wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu kinatufanya tusahau utajiri ambao tunao na wanafunzi wengi wa piano wa nchi nyingine hawana: solfa.

Solfa ililetwa na wamisionari. Aliyeisambaza Uingereza katika karne ya 19 alikuwa mchungaji aitwaye John Curwen, aliyetaka watu wa kawaida waimbe bila kusumbuliwa na mistari mitano. Huko kwao matumizi yake yamepungua sana. Hapa inaishi. Nenda mazoezi ya kwaya Jumatano jioni, parokia yoyote kuanzia Bugando hadi Malimbe, utamkuta mwanafunzi wa sekondari anasoma sauti ya tatu ya wimbo ambao hajawahi kuusikia, do re mi mdomoni, bila chombo. Anajua fa inataka kwenda mi. Anajua ti haina raha mpaka ifike do. Huyo ameshajifunza nusu ya jazz, ila hakuna aliyemwambia.

Nitamwambia mimi. Mwendo wa kodi unaotumika zaidi kwenye jazz ni hatua tatu: kodi ya re, kodi ya so, kodi ya do. Vitabu vinavyouzwa mtandaoni vinaujaza kurasa nyingi. Mkono wa kushoto unahitaji noti mbili tu kwa kila kodi. Kwenye re, shika fa na do. Kwenye so, fa inabaki palepale, do inashuka nusu hatua inakuwa ti. Kwenye do, ti inabaki palepale, fa inashuka nusu hatua inakuwa mi. Basi. Kidole kimoja kinasogea, kingine kinangoja, kisha wanapokezana. Huo ndio uti wa mgongo wa maelfu ya nyimbo. Mwanakwaya akiuimba hata mara moja, sauti ya tatu na ya nne, hatausahau, kwa sababu ndicho alichokuwa akifanya kila Jumapili. Na kwa kuwa ni solfa, ukihamia do nyingine unahama na masikio yako, vidole vinafuata polepole, kitufe kinabaki kimezimwa.

Mkono wa kushoto ukishapata kazi hiyo, biti inakuwa haina la kufanya. Sikiliza Erroll Garner kwenye sahani "Concert by the Sea", iliyorekodiwa Carmel, California, mwaka 1955. Garner hakuwahi kusoma noti maishani mwake. Mkono wake wa kushoto unapiga kodi kwa mpigo ulio sawa, kama gitaa la ridhimu. Mkono wa kulia unachelewa kidogo nyuma yake, kwa makusudi, kama mtu anayesimulia jambo tamu na hataki liishe. Mtu wa dansi hahitaji kuelezwa hilo. Gitaa la ridhimu likitembea na la solo likivuta nyuma yake, ndiyo bendi zetu zote. Anachofanya Garner kwa mikono miwili tulikifanya kwa watu wawili. Kuchelewa kule ndiko watu wanakokuita hisia, na hakuna njia ya kukujua ukiwa na mashine inayokuburuta.

Nimesema hisia zinafundishika. Zinaanzia kwenye maneno. Wapigaji wakongwe wa jazz, Lester Young akiwa mmojawao, walishikilia kwamba huwezi kupiga wimbo vizuri kama hujui maneno yake. Hii ndiyo sababu kijana wetu anapopiga nyimbo za Marekani alizozipata kwenye orodha ya meneja, nyimbo ambazo maneno yake hayajui au hayamuhusu, anatoa noti sahihi zilizokufa. Na ndiyo sababu nasema anzeni na nyimbo za Kiswahili, kwa sababu ya kiufundi kabisa kuliko ya kizalendo. Kiswahili kina mkazo, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hutamki "shida" kwa kukandamiza "da". Hutamki "malaika" kwa kukandamiza "ka". Sasa sikiliza kinanda cha biti kinavyopiga nyimbo hizo: kila noti nzito sawa, silabi ya mwisho imegongwa kama msumari. Kimuziki ni kama kumsikia mgeni aliyejifunza lugha jana. Ukiipiga ile silabi ya mwisho kwa wepesi, ukaiacha idondoke yenyewe, wimbo unaanza kuzungumza. Sijui zoezi la hisia lililo rahisi zaidi ya hilo, na kila anayesoma hapa ameshalifanya mdomoni tangu akiwa na miaka miwili.

Jumamosi moja nilipiga "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe kwa namna hiyo. Hakuna biti, mwendo wa polepole, mkono wa kushoto na noti zake mbili, kulia nikisema maneno moyoni na kuyafuata. Mzee mmoja alikuwa meza ya pembeni na binti yake. Nilivyoelewa baadaye walikuwa wamevuka kutoka Ukerewe kumleta hospitali. Nilipopumzika akaja mpaka kwenye kinanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo wimbo umeupiga kama unausema." Akasimama kidogo. "Nani kakufundisha?"

"Kwaya, mzee."

Akacheka, akasema kwaya ya siku hizi kumbe inafundisha mambo. Kisha akaomba wimbo wa Marijani Rajabu, "Zuwena", na akarudi mezani kwake akakaa akiwa ameelekea kwangu, mgongo kwa binti yake. Flashi ingempigia nyimbo zote mbili, na waliorekodi ni mabingwa wasio na mfano. Ila flashi isingemjua mtu aliyetoka hospitali. Mimi nilimjua kwa jinsi alivyoketi, nikaurefusha mwisho.

Wapo watakaosema wageni wanataka biti, wanataka "Jambo Bwana" na kupiga makofi. Baadhi wanataka, na wapigiwe. Sina ugomvi na furaha. Them Mushrooms wa Mombasa walijua walichokuwa wanafanya. Ugomvi wangu ni na jioni nzima ya saa tatu inayopigwa kwa kasi moja, nguvu moja na ngoma moja, kwa kisingizio cha kumjua mgeni ambaye hakuna aliyemwangalia. Wapo pia watakaosema mpigaji anahitaji kula, na biti inampa harusi tatu kwa mwezi. Kweli. Lakini hesabu iko wazi kwa yeyote aliyetazama miaka ya karibuni: kila mwaka kuna mtu mwingine mwenye kinanda hichohicho na biti hiyohiyo anayekubali pungufu ya ulichokubali wewe. Kitu pekee ambacho hawezi kukipunguzia bei ni mkono wako.

Kwa hiyo nina madai, na nitayasema kwa wanaohusika. Walimu wa kwaya: mpeni mpiga kinanda wenu mwezi mmoja wa kuongoza kwaya bila ngoma za mashine, na mwezi huo mfundisheni kuhama do kwa solfa anayoijua tayari. Waumini watalalamika Jumapili mbili. Ya tatu wataanza kujisikia wenyewe wakiimba. Wenye hoteli: mkitaka muziki wa mashine, nunueni spika nzuri na mseme hivyo, wala hakuna dhambi. Lakini mkimwajiri mtu, mwekeni mahali anapoziona meza, na mumlipe kama mtu. Nanyi mnaosoma muziki vyuoni na kucheka tukisema tunapiga kokteli: njooni mkae kwenye kiti hicho saa tatu, wateja mia moja wanaongea, na mjaribu kuwafanya wanyamaze bila kupaza sauti. Tutaongea nadharia baadaye.

Wewe mpigaji huhitaji mkutano. Una nyimbo ambazo maneno yake umeyajua kabla ya kujua kusoma, una kinanda, kiwe chako au cha parokia, na solfa umekuwa nayo tangu darasa la kipaimara. Kilichobaki ni mkono wa kushoto ukubali kufanya kazi yake.